Chui Aliyeongea: Sheria ya Waingereza na Picha Zilizo Mfukoni Mwako

Jamani, kabla hujasoma zaidi fanya jambo moja. Fungua simu yako, ingia zinakohifadhiwa picha na video, shuka mpaka chini kabisa. Angalia zile zilizoingia zenyewe kutoka kundi la WhatsApp la shule, kundi la harusi ya binamu, kundi la mtaa. Unajua zote zina nini ndani? Una uhakika?

Mimi nilifanya hivyo juzi. Nilikuta video zaidi ya mia mbili ambazo sijawahi kuzifungua hata siku moja. Aliyenifanya nitazame ni mshikaji mmoja niliyesoma naye sekondari, siku hizi yuko Uingereza anafanya kazi ya kutunza wazee. Alijitoa kwenye kundi letu ghafla, bila kuaga. Nilipompigia akacheka kidogo, halafu akasema: "Kaka, nyie rusheni tu vichekesho vyenu vya punda. Mimi huku naweza kufikishwa mahakamani." Nikadhani ananitania.

Hatanii. Nimekaa siku kadhaa nasoma sheria yenyewe na kesi zake, na leo nataka tuongee.

Niseme mapema, maana najua kuna watakaosoma mistari mitatu na kukimbilia kunihukumu. Siandiki kutetea pilau. Siandiki kutetea picha za watoto. Hizo zina sheria zake, na anayezikusanya simwonei huruma hata chembe. Naandika kuhusu watu wazima, na kuhusu sheria inayomfunga mtu kwa kile alichokutwa nacho, bila kujali kama kuna aliyeumizwa.

Turudi ilikoanzia. Machi 2003, karibu na Brighton, kusini mwa Uingereza, mwalimu aitwaye Jane Longhurst aliuawa kwa kunyongwa. Muuaji alikuwa mtu anayefahamika kwake, mpenzi wa rafiki yake. Aliuficha mwili kwa wiki kadhaa. Polisi walipopekua kompyuta yake wakakuta amekuwa akitembelea tovuti zenye picha za wanawake wanaokabwa shingo. Mama wa marehemu, Liz Longhurst, akaanza kampeni. Akapata mbunge wa kumsaidia, zikakusanywa saini 50,000. Nani angemkatalia mama aliyezika mtoto kwa namna ile? Mimi nisingeweza.

Serikali ya wakati huo ikaitikia. Mwaka 2008 bunge likapitisha sheria ndefu ya masuala ya jinai na uhamiaji, na ndani yake kikawamo kifungu cha 63. Kikaanza kutumika England, Wales na Ireland ya Kaskazini tarehe 26 Januari 2009. Scotland wakatunga chao mwaka 2010.

Kifungu kinasema hivi, kwa lugha ya kawaida. Ni kosa kukutwa na picha au video iliyotengenezwa kuamsha hamu ya ngono, inayochukiza sana, na inayoonyesha waziwazi na kwa namna inayofanana na ukweli mojawapo ya haya: kitendo kinachohatarisha maisha ya mtu, kitendo kinachoweza kujeruhi vibaya sehemu za siri au matiti, ngono na maiti, au ngono na mnyama. Mwaka 2015 ikaongezwa picha ya ubakaji. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka mitatu kwa baadhi ya picha na miwili kwa nyingine.

Zingatia maneno "kukutwa na". Tangu 1959 Waingereza walikuwa na sheria ya kumbana anayechapisha na kuuza uchafu. Hii mpya ikamfuata anayetazama, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Ni kama bangi: hawakuulizi uliilima wewe, wanakuuliza imefikaje mfukoni mwako.

Zingatia na hili: "kwa namna inayofanana na ukweli". Si lazima kitendo kiwe kimetokea kweli. Kinatosha kuonekana kimetokea. Waigizaji wawili wenye mkataba, walioridhia na kulipwa, wakaenda kula chakula cha jioni baada ya kazi, video yao inaweza kukufikisha mahakamani wewe uliyeihifadhi. Na ukisema "lakini ni maigizo", hilo peke yake si utetezi.

Inafika mahali pa kuchekesha, kama si pa kulia. Sheria inawapa kinga walioshiriki wenyewe kitendo kwa ridhaa wakabaki na picha yao. Sawa. Lakini rafiki aliyeshika kamera bila kushiriki hana kinga hiyo! Filamu iliyopitishwa na BBFC, chombo chao cha kupanga madaraja ya filamu, ni halali kuwa nayo kabatini. Ukikata kipande cha sekunde chache kutoka filamu hiyohiyo na kukihifadhi peke yake kwa ajili ya ashiki, umeivua kinga. Picha ni ileile, mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni mkasi.

Sasa tuje kwa chui.

Mwaka 2009, miezi michache tu baada ya sheria kuanza, mwanamume mmoja wa Wrexham, kaskazini mwa Wales, alishtakiwa kwa kukutwa na video ya mwanamke akifanya ngono na chui milia. Ndiyo, chui milia, yule mnyama mkubwa wa Asia. Mwenyewe akasema alitumiwa kama kichekesho. Kesi ikasogea miezi. Mtaani watu wakajua anashtakiwa kwa kitu gani. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika kipindi hicho alizuiwa kumwona binti yake.

Mwishoni mwa mwaka upande wa mashtaka ukafuta shtaka. Unajua kwa nini? Kwa sababu hatimaye waliicheza video ikiwa na sauti. Na chui akaongea! Akatoa utani wa tangazo la biashara la vyakula vya asubuhi. Alikuwa mtu ndani ya vazi la manyoya. Kompyuta za polisi, waendesha mashtaka wenye shahada, mahakama yenye majoho... na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungua sauti. Shtaka la kipande kingine alichokutwa nacho nalo likafutwa mwaka 2010.

Mnaweza kucheka, hata mimi nilicheka. Halafu nikajiuliza: hivi yule baba alirudishiwa na nani ile miezi? Sheria hii inataka idhini ya mkurugenzi wa mashtaka kabla mtu hajafikishwa mahakamani, na hiyo ndiyo kinga tunayoambiwa ituondolee wasiwasi. Idhini ilitoka. Chui akapita kwenye kinga yote akiwa na zipu mgongoni.

Mfano wa pili hauna kichekesho. Mwaka 2012, mahakama ya Kingston, London, ilisikiliza kesi ya wakili mmoja aliyekuwa na heshima zake mjini, mtu aliyewahi kushughulikia kesi za nidhamu dhidi ya polisi. Picha zake zilikuwa viambatanisho vya barua pepe, za wanaume watu wazima walioridhiana, wakifanya mambo ambayo kuyafanya si kosa. Rudia hapo. Kuyafanya si kosa, lakini kuwa na picha yake ndiyo kosa. Juri, wananchi kumi na wawili wa kawaida, walihitaji muda mfupi tu kumwachia kwa mashtaka yote. Lakini tayari alikuwa ameshapoteza nyadhifa zake, na mambo yake ya chumbani yalishasomwa na nchi nzima wakati wa kiamsha kinywa.

Kuachiwa huru kwenye kesi ya namna hii si sawa na kuachiwa kwenye kesi ya kuiba kuku. Aliyeshtakiwa kwa kuku akiachiwa, watu wanasema "alionewa". Huyu akiachiwa, watu wanasema "lakini picha si alikuwa nazo?"

Ndiyo maana wengi hawapigani. Fikiria wewe ni dereva wa basi, au muuguzi, una mke na watoto na shemeji na mchungaji. Polisi wamechukua simu yako kwa jambo jingine kabisa, wamekuta video ya mnyama uliyorushiwa miaka miwili iliyopita. Wanakwambia ukikiri mambo yataisha haraka na kwa kimya. Utachagua nini? Utataka ichezwe mbele ya watu kumi na wawili huku mama yako amekaa nyuma?

Serikali ilipoleta sheria hii ilikadiria kesi 30 hivi kwa mwaka. Thelathini! Ndani ya miaka michache zikavuka 1,000 kwa mwaka. Na sehemu kubwa ya kesi hizo haikuwa ya kukaba shingo, wala ya kuumiza wanawake. Zilikuwa za wanyama. Video za farasi na mbwa, zile ambazo watu hurushiana kwa kejeli na "ona dunia ilipofikia". Kwa nini? Kwa sababu ndizo rahisi. Mnyama ni mnyama, haihitaji daktari kuja kueleza kama kitendo kilihatarisha maisha. Unachukua simu, unaona farasi, unajaza fomu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, naomba mnisikilize vizuri.

Sheria ilizaliwa kwa sababu mwanamke alikabwa shingo hadi kufa. Februari 2025, miaka 16 baada ya sheria kuanza kazi, mwanasiasa wa baraza la malodi, Gabby Bertin, alitoa ripoti ya mapitio kuhusu picha za ngono mtandaoni. Moja ya mambo aliyoyapigia kelele ni kukabwa shingo: kumekuwa jambo la kawaida kwenye tovuti kubwa, za bure, zinazoonekana na kila kijana mwenye simu. Baadaye mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba itaongeza kipengele kipya cha kupiga marufuku picha hizo.

Umeona? Jambo lilelile lililomuua Jane Longhurst lilistawi kwenye tovuti kubwa kwa miaka yote hiyo, huku vijana wa watu wakiburuzwa mahakamani kwa video za punda. Nyavu zilitupwa kwa ajili ya papa, zikavuliwa dagaa, na kila mwaka mtu anasimama kuhesabu dagaa na kusema kazi inaendelea vizuri.

Na muuaji mwenyewe? Mahakamani ilielezwa kwamba tabia yake ya kukaba wapenzi shingo ilikuwa ya miaka mingi. Wanawake waliokuwa naye kabla ya Jane walilijua hilo kwa miili yao. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kugongwa. Lakini England na Wales zilisubiri hadi sheria ya unyanyasaji wa majumbani ya mwaka 2021 ndipo kumkaba mtu shingo likawa kosa linalojitegemea, na likaanza kutumika Juni 2022. Yaani picha ya kukabwa ilitangulia kuwa na kifungu chake kwa miaka 13 kabla ya mkono unaokaba!

Najua mtaniambia: "Kaka, picha hizi zinaharibu akili za vijana." Inawezekana kabisa. Sina shida na hoja hiyo, na kijana anayejifunza mapenzi kwenye tovuti zile ananitia wasiwasi. Lakini kama shida ni kiwanda, kwa nini unamfunga aliyeokota mfuko? Desemba 2020 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya Nicholas Kristof kuhusu video za waliobakwa na watoto zilizokuwa Pornhub. Ndani ya siku chache Visa na Mastercard wakasitisha malipo, na tovuti ikaondoa mamilioni ya video zilizowekwa na watu wasiothibitishwa. Mamilioni, bila kupekua simu hata moja ya mlinzi wa usiku. Uingereza nao wamelielewa hilo kwa kuchelewa: sheria ya usalama mtandaoni ya mwaka 2023 inazibana kampuni zenyewe zizuie picha za aina hii. Sawa! Hapo nawapigia makofi.

Mtaniambia tena: "Na video ya ubakaji wa kweli je? Anayeitunza aachwe?" Hapana. Video ya mtu aliyebakwa kweli, kila anayeitunza anaendeleza ule ubakaji. Mwathirika ana jina na uso, na ana haki ya kudai isitunzwe popote. Vilevile picha ya utupu ya mtu iliyovujishwa. Lakini angalia msingi wake: kuna mtu, na hakuridhia. Hilo ndilo swali ninalotaka sheria iulize kwanza. Nani aliumizwa? Aliridhia? Kifungu cha 63 hakianzii hapo. Kinaanza na je, picha inachukiza? Na chukizo, ndugu zangu, halina kipimo. Kinachomchukiza hakimu wa miaka 65 sicho kinachomchukiza mwanafunzi wa chuo, na mashoga wa nchi ile wanajua vizuri chukizo huwa linaanzia mlango wa nani.

Mtasema pia kuna utetezi ndani ya sheria. Upo. Kama ulitumiwa bila kuomba na hukukaa nayo kwa muda usio wa lazima, unaweza kujitetea. Kama una sababu halali, vilevile. Lakini anayepaswa kuonyesha ni wewe. Na muda usio wa lazima ni upi, kwa simu inayojihifadhia video yenyewe? Sheria hii ilipitishwa 2008, WhatsApp ilianza 2009. Waliotunga walikuwa wanafikiria mtu anayekaa usiku akitafuta na kuchagua. Hawakuwa wanamfikiria shangazi anayebonyeza "tuma kwa wote".

Mimi ni mwandishi wa habari. Watu hunitumia mambo ya kutisha wakitaka niyaandike. Ningekuwa London, kila moja ningelazimika kujiuliza: hii nayo nitaiita sababu halali mbele ya nani?

Na kwa mshikaji wangu mtunza wazee, hata hukumu ndogo si ndogo. Kazi yake inadai cheti cha kuonyesha rekodi ya makosa yake kabla ya kukabidhiwa bibi wa watu. Mgeni akifungwa miezi 12 au zaidi, sheria yao ya mipaka ya mwaka 2007 inataka afukuzwe nchini, isipokuwa awe na sababu nzito za kubaki. Mwingereza mwenzake atapata aibu. Yeye anaweza kupoteza kazi, visa, na ada za wadogo zake waliopo Mbagala.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Uganda sheria yao dhidi ya picha chafu ilitiwa saini mwaka 2014, na tafsiri yake ilikuwa pana kiasi kwamba mtaani wahuni wakaanza kuwavua nguo wanawake waliovaa sketi fupi, wakidai wanatekeleza sheria. Wanawake ambao picha zao zilivujishwa na wapenzi wao wakatishiwa kukamatwa wao! Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya huko ikafuta vifungu vyake vikuu. Kwetu Tanzania, sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 inamlenga anayechapisha, kwa faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba. Ina matatizo yake, nitayaandikia siku yake. Ila siku mbunge wetu atakaposimama na kusema "hata Uingereza wamefanya, tuwakamate na wanaokutwa nazo", naomba mkumbuke chui.

Nadhani mama Longhurst alistahili kitu bora kuliko hiki. Alistahili nchi inayomsikiliza mwanamke wa kwanza anayesema "yule bwana alinikaba". Badala yake alipewa kifungu cha sheria chenye namba, na namba hiyo ikawa inahesabu wenye farasi.

Jana nilizima ile sehemu ya simu inayohifadhi video zenyewe, nikafuta zote mia mbili na ushee. Nikamtumia mshikaji ujumbe kwamba kundini nimewaeleza, watamkumbuka. Akajibu neno moja: "Asante." Halafu dakika tano baadaye akaongeza: "Ila usinirudishe."